Mizani ya Hadithi za Anga

Hadithi zinazosimulia safari za binadamu kwenda mwezini na katika sayari nyingine zina maadui wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wazidharauo, wasemao kuwa ni porojo za kupotezea wakati, na kwamba mwanafunzi mwenye mtihani mbele yake heri asome kitu kingine. Wa pili ni wale wazipendao kwa sababu isiyo sawa: huzisifu kama watu wasifuvyo ramli, kwa kuwa mwandishi fulani alitaja jambo fulani, na jambo hilo likaja kutokea. Dharau ya wale wa kwanza hudhuru kidogo, kwa sababu huonekana wazi. Sifa za hawa wa pili hudhuru zaidi, maana humzoeza msomaji kupima kitabu kwa mizani isiyo yake. Madhumuni ya insha hii ni kutafuta mizani iliyo ya haki, na kuonyesha kuwa kazi ya kuzipima hadithi hizi, pamoja na historia ya safari zenyewe za anga, imekwisha kuwa elimu kamili ambayo kijana wa Kenya aweza kuiingia na kuitumikia.

Na tuanze na kitabu kinachosifiwa sana kwa utabiri. Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya ya safari ya kutoka duniani hadi mwezini, na miaka michache baadaye akatoa sehemu yake ya pili. Watu watatu wanatiwa ndani ya kombora kubwa, linafyatuliwa kwa mzinga kutoka Florida, Marekani, wanauzunguka mwezi, kisha wanaanguka katika Bahari ya Pasifiki. Baada ya miaka zaidi ya mia moja, Desemba 1968, Wamarekani watatu walirushwa kutoka Florida iyo hiyo katika chombo cha Apollo 8, wakauzunguka mwezi, wakarudi na kushukia katika Pasifiki. Watu wakastaajabu, wakasema kuwa Verne alikuwa nabii.

Lakini hebu tufanye hesabu. Mzinga wa Verne ulikuwa na urefu wa futi 900, yaani kama mita 274, na kombora lilitakiwa kutoka kinywani mwake kwa mwendo wa kilomita 11 hivi kwa kila sekunde. Kitu kinachotoka katika hali ya kusimama hata kikafikia mwendo huo katika umbali mfupi namna hiyo husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wake mara elfu ishirini na zaidi. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 angelemewa kana kwamba ana uzito wa tani 1,400. Wasafiri wa Verne wangalikuwa wamekwisha kufa kabla ya moshi wa mzinga kutawanyika. Tukimpima Verne kwa utabiri, basi, amepata mahali pa kuondokea na mahali pa kushukia, akakosa safari yenyewe.

Je, kitabu chake hakina thamani? Kinayo, na kubwa. Verne hakumwambia msomaji aamini tu. Alimpa urefu, uzito, mwendo na latitudo, akamwita wahesabu pamoja. Alichagua Florida kwa hoja, si kwa kubahatisha, maana alitaka mahali panapoweza kuelekezewa mwezi unapokuwa utosini. Ni kweli kwamba hesabu yake ina dosari, lakini dosari hiyo tumeigundua kwa vipimo alivyotupa yeye mwenyewe. Mwandishi anayetoa hoja inayoweza kukosolewa amemheshimu msomaji kuliko yule anayejificha nyuma ya maajabu. Hii ndiyo mizani ya kwanza: jambo jipya linaloletwa na hadithi liwe na kanuni, na hadithi iifuate kanuni hiyo mpaka mwisho.

Mizani hiyo peke yake haitoshi, na ushahidi wake ni Mwingereza H. G. Wells. Katika riwaya yake ya mwaka 1901 juu ya watu wa kwanza kufika mwezini, chombo hakirushwi kwa mzinga wala kwa roketi. Mtaalamu mmoja, Cavor, ametengeneza kitu kinachokinga nguvu ya uvutano wa dunia kama vile pazia likingavyo jua, na kwa kitu hicho yeye na mwenziwe Bedford wanapaa. Verne alinung'unika juu ya jambo hilo. Alisema kuwa yeye hutumia elimu ya maumbile, lakini Wells hubuni tu, na akataka aonyeshwe madini hiyo. Kwa mizani ya kwanza Verne ana haki.

Hata hivyo, mtazame Bedford. Ni mfanyabiashara aliyefilisika. Hafiki mwezini kwa kiu ya elimu. Anafikiri habari ya mali, na mara aonapo dhahabu huko, macho yake yanageuka. Naye Cavor anapofikishwa mbele ya mtawala wa viumbe wa mwezini na kuulizwa habari za dunia, anaeleza kwa unyofu jinsi binadamu wanavyopigana vita na kuvionea fahari. Mtawala yule anashangaa na kuingiwa na hofu, na baada ya muda mfupi habari za Cavor zinakatika kabisa. Miaka mitatu kabla ya kitabu hicho, katika riwaya yake ya mwaka 1898, Wells alikuwa ameileta Uingereza jeshi kutoka sayari ya Mirihi, lenye silaha ambazo mizinga ya Waingereza haikuweza kuzizuia. Katika kurasa za mwanzo za kitabu hicho aliwakumbusha wasomaji wake maangamizi ambayo Wazungu waliyatenda juu ya wenyeji wa kisiwa cha Tasmania. Aliwavika Waingereza nguo ya waliovamiwa, ili waone namna inavyobana.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kazi ya mgeni katika hadithi bora ya anga ni hiyo. Hakuja ili tumkodolee macho. Amekuja ili mwenyeji ajione maradhi yake. Basi mizani ya pili ni hii: hadithi, baada ya kutupeleka mbali, iturudishe nyumbani na macho mapya. Kwa mizani hii Wells ana uzito ambao Verne hana.

Iko mizani ya tatu, nayo haipatikani katika hadithi peke yake. Yatoka katika historia. Hapana shaka kuwa hadithi hizi zilizaa matendo. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga, Urusi, aliyepungukiwa na nguvu ya kusikia tangu utoto, alivutwa na vitabu vya Verne, na mwaka 1903 akachapisha hesabu zake za safari ya angani kwa roketi. Robert Goddard, Mmarekani, alimsoma Wells katika ujana wake, na tarehe 16 Machi 1926 akarusha roketi ya kwanza iliyotumia mafuta ya maji. Hermann Oberth alimsoma Verne akiwa mtoto, akaandika kitabu cha roketi mwaka 1923, na mwaka 1929 akawa mshauri wa filamu ya Fritz Lang juu ya safari ya mwezini, ambayo ndani yake watu walionyeshwa wakihesabu kinyumenyume kabla ya roketi kuruka.

Wengi huishia hapo, wakafunga kitabu kwa furaha. Mwanahistoria haruhusiwi kuishia hapo. Mbegu ile iliyopandwa na hadithi ilizaa pia roketi ya V-2, ambayo Ujerumani ilianza kuitumia dhidi ya Paris na London Septemba 1944. Roketi hizo ziliundwa katika mahandaki ya kambi ya Mittelbau-Dora kwa kazi ya kulazimishwa ya wafungwa, na karibu watu 20,000 waliopitia kambi hiyo walikufa. Baada ya vita baadhi ya wataalamu wa V-2, mkuu wao akiwa Wernher von Braun, walichukuliwa Marekani, na huko wakatengeneza roketi zilizowapeleka watu mwezini. Kwa muda mrefu sura ya kambi ile haikusimuliwa kwa ukamilifu wake katika vitabu vya sifa. Ilihitaji watafiti wa kufungua majalada na kuwasikiliza walionusurika, na miongoni mwao ni Michael Neufeld, ambaye kitabu chake juu ya roketi za Ujerumani kilitoka mwaka 1995. Mizani ya tatu, basi, ni swali: gharama ya safari hii aliilipa nani, na je, msimulizi amemtaja?

Watu waliona mapema kuwa kazi ya kupima namna hii haifai kuachwa kwa mashabiki peke yao. Mwaka 1959 Thomas Clareson alianzisha Marekani jarida la Extrapolation, la uhakiki wa hadithi za kisayansi. Jarida la Foundation lilianza Uingereza mwaka 1972, na Science Fiction Studies likaanza Marekani mwaka 1973. Mmoja wa waanzilishi wa hilo la mwisho, Darko Suvin, mzaliwa wa Zagreb aliyefundisha Montreal, alitoa mwaka 1979 kitabu chenye fasili iliyozua mjadala mkubwa. Kwa maelezo yake, hadithi ya kisayansi ni ile inayoufanya ulimwengu tuuzoeao uonekane mgeni, na ugeni huo uwe umeletwa na fikira zenye hoja, usiwe umeletwa na uganga wala ndoto. Msomaji ataona kuwa fasili hiyo imezifunga pamoja mizani yetu ya kwanza na ya pili. Upande wa historia, shirika la anga la Marekani, NASA, lilianzisha ofisi yake ya historia mwaka 1959, na vitabu vingi vilivyotolewa nalo huweza kusomwa bila malipo. Makumbusho ya Taifa ya Anga mjini Washington yametoa ruzuku kwa watafiti wa historia hiyo, na Chuo Kikuu cha Liverpool pamoja na Chuo Kikuu cha California huko Riverside vina hazina kubwa za hadithi za kisayansi kwa ajili ya utafiti.

Milango ya namna hiyo haifunguliwi kwa cheo wala kwa sauti kubwa. Makala inayopelekwa katika jarida la kitaalamu husomwa kwanza na wajuzi wengine, nao hupima hoja na ushahidi. Mwanafunzi wa Kilifi au wa Kakamega akiwa na jambo la kweli na ushahidi wa kulitegemeza, hoja yake ina haki ya kupimwa sawasawa na hoja ya mwanafunzi wa London. Swali ni kama analo jambo la kusema. Nami nasema analo, na nitatoa mifano.

Mfano wa kwanza ni wa jirani zetu. Mwaka 1964, Zambia ilipopata uhuru, mwalimu mmoja aliyeitwa Edward Makuka Nkoloso alitangaza kuwa atawapeleka Waafrika mwezini na hata Mirihi, akiwamo msichana Matha Mwamba. Aliwazoeza vijana wake kwa kuwabingirisha ndani ya pipa. Waandishi wa magazeti ya kigeni walicheka, na kicheko chao kikabaki kuwa ndiyo historia kwa miaka mingi. Baadaye mwandishi wa Kizambia, Namwali Serpell, aliifuata habari hiyo upya. Alionyesha kuwa Nkoloso alikuwa mpigania uhuru aliyepata kufungwa na wakoloni, na kwamba yawezekana sana kuwa alikuwa akiwafanyia dhihaka wale waliodhani wanamdhihaki. Serpell akamwingiza katika riwaya yake, The Old Drift, ya mwaka 2019, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Arthur C. Clarke itolewayo Uingereza kwa riwaya bora ya kisayansi. Hapa historia na hadithi zimefanya kazi bega kwa bega. Ushahidi ulikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kuutazama bila kutanguliza kicheko.

Mfano wa pili ni wa fasihi ya Kiswahili. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, kitabu cha nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya manufaa, wakalipwa kwa kufungwa. Tukikiweka kitabu hiki katika mizani ya kwanza, kitakuwa chepesi, maana mwandishi haelezi hata kidogo jinsi nchi inavyoweza kukaa angani. Fasili ya Suvin ingekitoa nje ya hadithi za kisayansi, na ingefanya haki, ni istiari. Lakini katika mizani ya pili kina uzito mkubwa. Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa kigeni, na mwandishi alihitaji mahali pa mbali pa kuwaweka watawala wanaomwadhibu mleta elimu. Alipakuta angani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: kila msomaji wa Kusadikika hujikuta ameshuka katika nchi yake mwenyewe.

Mfano wa tatu ni wa Kenya hasa. Riwaya ya Katama Mkangi iitwayo Walenisi, ya mwaka 1995, inamsimulia Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa kwa kutiwa katika chombo na kurushwa angani. Mhukumiwa hafi; anajifunza kukiongoza chombo kile, akafika nchi ya Walenisi, ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Jina la nchi hiyo ukilikata linasema: wale ni sisi. Tazama jinsi chombo cha anga, ambacho katika vitabu vya mataifa makubwa ni alama ya fahari, hapa kimekuwa kitanzi cha dola. Hiyo ndiyo mizani ya tatu ikiulizwa ndani ya hadithi yenyewe, na kwa ajili hiyo nakiona kitabu hiki kuwa na ushujaa ambao Verne hakuufikia. Lakini mhakiki asimpendelee wa kwao. Nchi ya Walenisi imefunzwa kwetu zaidi kuliko ilivyoonyeshwa; mawaidha yamezidi matendo, na penye usawa mwandishi ameogopa kuweka ugomvi. Jamii iliyo njema ingalituingia moyoni zaidi kama tungaliiona ikipatwa na mtihani, ikashinda kwa shida.

Katika mfano wa mwisho twaondoka kwenye fasihi, twaingia katika historia, nayo iko pwani yetu. Baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco la kurushia roketi. Walipapenda kwa sababu ni karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia hukiongezea chombo mwendo. Kati ya Aprili 1967 na Machi 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo. Moja yao ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na msimamizi wake wa NASA, bibi Marjorie Townsend, akaipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchungua eksirei zitokazo angani, ambazo hazipenyi hewa ya dunia, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na asili 339 za miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002 kwa kazi yake katika elimu hiyo.

Hayo yameandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota kote duniani. Lakini historia ya jukwaa si historia ya setilaiti tu. Wavuvi wa Ngomeni waliona nini, na bahari waliyoizoea ilibadilika vipi? Wakenya walioajiriwa huko walifanya kazi gani, walifunzwa nini, walilipwaje? Serikali mbili zilipatana nini, na nani alifaidika? Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1967 sasa anakaribia 80. Majalada huweza kungoja, wazee hawangoji. Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, kutoka California. Basi tumekwisha kuona setilaiti ya wageni yenye jina la Kiswahili ikipaa kutoka bahari yetu, na setilaiti yetu ikipaa kutoka pwani ya wageni. Mhakiki na mwanahistoria wakikaa pamoja juu ya jambo hilo moja, wana kitabu kizima.

Kijana anayetaka kuingia katika elimu hii hana haja ya kungoja chuo kikuu. Asome Walenisi na Kusadikika akiwa na kalamu mkononi, aandike ni kanuni gani mwandishi ameiweka na ni wapi ameivunja. Asome Verne, ahesabu mwenyewe. Kama kwao ni pwani, aende kwa mzee aliyefanya kazi katika jukwaa, amwombe ruhusa, aandike maneno yake kama yalivyosemwa, pamoja na tarehe na mahali, na ayalinganishe na maneno ya mwingine. Daftari moja lililoandikwa kwa uaminifu namna hiyo laweza kuwa ndio ushahidi ambao mtafiti wa kesho, wa hapa au wa ng'ambo, atalazimika kuutegemea. Nalo likikosa kuandikwa sasa, hakuna ruzuku wala jarida litakaloweza kulirudisha.